Uliza Fundi: Hiyo mihuri nyuma ya kijiko inasemaje?

Toka tuzungumzie vyombo vya fedha vya zamani mwezi uliopita picha zimeingia mpaka simu imejaa, na karibu zote zinakuja na swali lile lile, fundi hizi herufi ni za nani? Sasa kabla sijajibu mmoja mmoja niseme hivi, mnazikimbilia mno herufi za fundi, na hizo ndo za kusoma mwisho. J.S. zilizogongwa kwenye kijiko zinaweza kuwa za mafundi kibao wa nchi mbalimbali na karne mbalimbali, na ukianza na hizo utazunguka mtandaoni mpaka usiku wa manane hujapata kitu. Anza na nchi, uje mji, uje mwaka, halafu herufi zenyewe zitajileta.

SWALI: Fundi shikamoo. Babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba huku kwetu, mzungu aliporudi kwao 1963 akamwachia sanduku la vyombo, vingi vimepotea ila kijiko kikubwa cha kupakulia kimebaki. Nyuma ya mpini kuna vialama vitano: simba anatembea, kichwa kama cha paka, herufi H, kichwa cha mtu, na herufi mbili, ya kwanza imefutika ya pili ni A. Sonara wa hapa mjini amenambia ni cha 1803 sababu ameiona hiyo H kwenye simu yake, na anakitaka. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Marahaba mjukuu wa mpishi. Kwanza usiuze, tuliza roho.

Huyo simba anayetembea na mguu wa mbele ameunyanyua ni wa Uingereza, na maana yake ni fedha ya kiwango cha 925, yaani kwenye gramu elfu moja za chombo, 925 ni fedha tupu na zilizobaki huwa ni shaba ya kuipa ugumu. Simba huyo anagongwa tangu 1544. Kwa hiyo swali la nchi tumelimaliza, na la kama ni fedha kweli pia tumelimaliza.

Huyo unayemwita paka ni chui bwana, ingawa nakubali kwamba kwenye vijiko vingi amesagika mpaka anafanana na paka aliyelala njaa. Ni alama ya London, na asili yake ni sheria ya mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1300. Na hapa mtu wangu nataka uangalie kitu kimoja kidogo sana ambacho sonara wako hakukiangalia: ana taji kichwani au hana? Chui wa London alivaa taji kuanzia 1478 mpaka 1821, baada ya hapo kavuliwa. Picha yako nimeivuta mpaka ikaanza kuvunjika, na juu ya masikio yake hakuna kitu. Hana taji.

Sasa tuje kwenye H. London walikuwa wanabadilisha herufi kila mwaka, wanaanza A wanaishia U, J wanairuka, jumla herufi 20, zikiisha wanaanza upya kwa mwandiko mwingine. Kuna mzunguko ulioanza 1796 kwa herufi kubwa za kawaida, huo H yake ni 1803, kwa hiyo sonara hakutunga, ameiona kweli. Tatizo ni kwamba baada ya kupita mizunguko mingine wakarudia tena herufi kubwa za kawaida mwaka 1876, na H ya huo mzunguko ni 1883. Ziweke H hizo mbili pamoja, kama huna jedwali zuri linaloonyesha na umbo la kisanduku chake, utaapa ni mwaka mmoja. Ndo maana mihuri inasomwa yote kwa pamoja, mmoja unamsahihisha mwenzie.

Chui hana taji, 1803 imeshakufa hapo hapo. Halafu kuna kile kichwa cha mtu. Hicho ni kichwa cha mfalme au malkia aliyekuwa madarakani, kilianza kugongwa Desemba 1784 kuonyesha kwamba ushuru wa serikali umelipwa, kikaondolewa 1890 ushuru ulipofutwa. Ya 1803 ingekuwa George wa Tatu, anatazama kulia. Wa kwako anatazama kushoto na nyuma ya kichwa nywele zimefungwa fundo. Ni Malkia Victoria huyo. Kwa hiyo kijiko chako ni cha 1883, na tukitaka kuwa wakali zaidi, London herufi ilikuwa inabadilishwa mwezi Mei, kwa hiyo ni kati ya Mei 1883 na Mei 1884. Mzee wa watu kakosea miaka 80 hivi hivi kwa kuangalia alama moja kati ya tano.

Sasa ndo tuje kwa fundi. Sheria ya 1739 iliwataka mafundi watumie herufi ya kwanza ya jina lao na ya ukoo, kwa hiyo hiyo A yaelekea ni ya ukoo. Kila fundi alilazimika kusajili muhuri wake kwenye jumba la chama chao pale London, Goldsmiths' Hall, na kinachosajiliwa sio herufi tu, ni pamoja na kisanduku kinachozizunguka, kama ni cha mviringo au pembe nne au kina kona zilizokatwa, na kama kuna nukta katikati ya herufi. Vitu hivyo vidogo ndo vinamtenganisha fundi mmoja na mwenzie wenye herufi sawa. Mwaka tunao, mji tunao, herufi moja tunayo, nipe umbo la kisanduku tutampata au watabaki wawili watatu.

Picha nyingine nitumie hivi: usikisugue kwanza, zima taa ya chumbani, chukua tochi ya simu nyingine uilaze pembeni kabisa karibu na kijiko, sio juu, mwanga upite ukisuguana na uso wa chuma, utaona herufi iliyokuwa imefutika inajitokeza kivuli. Piga hapo, na upige kutoka pande mbili tofauti. Wengi mnawasha flashi moja kwa moja na fedha inarudisha mwanga wote, mimi napata picha ya jua.

Na jambo moja la kuongezea maana najua utaenda kumwambia sonara "kimetengenezwa London". Muhuri wa mji ni kama namba ya gari, unakwambia limesajiliwa wapi, haukwambii limeundwa wapi. Chui anasema chombo kilipimwa London. Fundi wa mji mwingine angeweza kabisa kupeleka vyombo vyake vikapimwe kule. Mara nyingi mji wa kupimwa na wa kutengenezwa ni mmoja, ila sio sheria.

Kwa wenye vyombo vingine vya Waingereza: nanga ni Birmingham, taji lilikuwa Sheffield mpaka 1974 kisha wakaweka ua la waridi, ngome ni Edinburgh, kinubi chenye taji ni Dublin. Watu huniuliza Birmingham na nanga wapi na wapi wakati mji uko katikati ya nchi, bahari hata haionekani. Inasimuliwa kwamba watu wa Birmingham na Sheffield walipokuwa London wakibembeleza bunge wapewe ofisi zao za kupimia, wakazipata mwaka 1773, walikuwa wanakutana kwenye baa moja inaitwa Crown and Anchor, taji na nanga, wakagawana jina la baa. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kweli lakini ni hadithi ambayo sitaki iwe uongo.

SWALI: Habari ya kazi fundi. Nina buli la chai la marehemu bibi, zito kweli, chini limeandikwa kwenye visanduku vinne vidogo E, P, N, S kwa mwandiko wa kikale na pembeni A1. Nimeambiwa hizo ni herufi za fundi wa kizungu na A1 ni daraja la kwanza la fedha. Thamani yake ikoje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa msiba. Dada yangu, EPNS sio mtu. Ni kifupisho kinachosema kwamba chombo ni cha kuchovya, fedha imepakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao wenyewe kwa kizungu wanauita fedha ya nikeli wakati ndani yake fedha hakuna hata chembe. Na A1 ni kweli ni daraja, lakini daraja la unene wa hilo koti la juu.

Kampuni ya Elkington ya Birmingham ndo walichukua hataza ya kazi hiyo mwaka 1840, ikaenea dunia nzima, na watengenezaji wengi wakaona hasara gani wakizigonga herufi kwenye visanduku vidogo vidogo vya kikale vinavyofanana kwa mbali na mihuri ya fedha halisi. Mteja wa haraka haraka anaona visanduku vinne anaridhika. Bado wanaridhika hadi leo, minada ya Dar nimeona mtu ananyanyua sinia la EPNS anatangaza "fedha ya malkia hii".

Ukitaka kuhakikisha tazama sehemu zinazoguswa sana, ncha ya mdomo wa buli, ukingo wa mfuniko, chini ya miguu. Kama fedha imeliwa utaona rangi ya manjano-manjano au kijivu cha joto inachungulia. Kwenye fedha halisi rangi ni moja mpaka ndani. Usimpe mtu alichovye tena lipate kung'aa, kazi ya sasa hivi mara nyingi inafuta michoro na buli linabaki kama la hotelini. Tia chai, kaa na shangazi zako, mkumbukeni bibi. Pesa ya maana kwenye kuyeyusha hakuna.

SWALI: Fundi mambo vipi, niko Columbus, Ohio. Nimenunua seti ya uma na visu kwenye mauzo ya nyumba ya mzee aliyefariki, nyuma kuna simba, nanga, herufi G, halafu neno STERLING. Nimeshasoma kwamba simba ni Uingereza na nanga ni Birmingham, kwa hiyo G ndo mwaka si ndio? Nataka kujua mwaka tu. (Msomaji, Marekani)

JIBU: Poa kaka. Umesoma vizuri halafu ukaangukia kwenye shimo ambalo limechimbwa makusudi. Hiyo ni Gorham, kampuni ya Providence, Rhode Island, ilianza 1831, na wala hujatoka nje ya Marekani. Simba, nanga na G ni nembo yao ya biashara tu. Nanga ni alama ya jimbo lao la Rhode Island, G ni Gorham, na simba, tuseme ukweli, simba yupo pale kwa sababu wateja wa Kimarekani wa karne ya 19 walikuwa wanaamini fedha ya Kiingereza na simba anapendeza.

Unachotakiwa kukiona ni neno STERLING limeandikwa zima. Mwingereza wa enzi hizo aliyeshapata simba hana haja ya kuandika neno, simba ndo neno lenyewe. Marekani hawakuwa na ofisi ya kupima kila chombo kama London, kwa hiyo kampuni inaandika yenyewe na kuapa yenyewe. Gorham walihamia kiwango cha 925 mwaka 1868, kabla ya hapo walikuwa wakitumia fedha ya sarafu, 900, ambayo kwenye vyombo vingine vya Kimarekani utaikuta imegongwa COIN. Kwa hiyo yako kama ina STERLING ni ya kuanzia hapo kuja mbele.

Mwaka kamili G haikwambii, ungeipata hata kwenye chombo cha babu na cha mjukuu. Gorham walikuwa na alama ya mwaka ya pembeni, mwanzoni herufi baadaye vipicha, lakini waliigonga zaidi kwenye vyombo vikubwa kama mabuli na masinia. Kwa uma na visu njia nzuri ni kutafuta jina la mtindo wa mpini, hayo maua na mikunjo, kampuni iliupa kila mtindo jina na mwaka ilipoanza kuuzwa inajulikana. Nitumie picha ya mpini wa mbele, nyuma nimeshaiona inatosha. Na visu vipime mara mbili kabla ya kuhesabu uzito, kisu cha namna hiyo mpini ndo fedha na una uwazi ndani umejazwa kitu kingine, bapa lenyewe ni chuma cha kawaida. Watu wanauza kwa gramu nzima halafu ugomvi unaanzia hapo.

SWALI: Assalam alaykum. Nimekuta kikombe kidogo na vijiko kwa dalali Kariakoo, kikombe kina mwezi mwandamo na taji na namba 800. Dalali anasema mwezi ni wa Waislamu kwa hiyo ni cha Uturuki cha masultani na bei kaipandisha. Vijiko vyenyewe vina namba 90 anasema ni fedha asilimia 90, kuzidi hata kikombe. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Wa alaykum salaam. Dalali wako ana kipaji, angeandika riwaya.

Mwezi na taji na 800 ni Ujerumani. Sheria yao ilitungwa 1884 ikaanza kazi 1888, ikasema fedha ya kuanzia 800 kwenda juu ndo inaruhusiwa kugongwa mwezi na taji la dola, na dhahabu wakaipa jua na taji. Mwezi kwa fedha, jua kwa dhahabu, habari ya dini haimo kabisa. Chombo cha Uturuki wa masultani ungekiona kina tughra, ile sahihi ya sultani iliyopindwapindwa kama nyuzi, na hiyo haichanganywi na mwezi hata ukiwa huna miwani. Kwa hiyo kikombe chako kimetengenezwa Ujerumani 1888 au baadaye, 80 kwa 100 ni fedha, na pembeni lazima kuna muhuri wa kampuni au wa duka, huo ndo utatupeleka mji. Kukikuta huku sio ajabu, Wajerumani wametawala mpaka Vita ya Kwanza na walikuja na masanduku yao.

Vijiko ndo vimeuza mechi. 90 kwenye vijiko vya Kijerumani sio asilimia. Ni gramu. Maana yake wametumia gramu 90 za fedha kuchovya dazeni ya vijiko vikubwa pamoja na dazeni ya uma, vyote kwa pamoja. Gawanya uone kila kimoja kimepata nini, hata gramu nne haifiki. Mara nyingine karibu yake utaona namba nyingine ndogo, nayo ni gramu kwa seti ya vijiko vya aina hiyo. Kampuni kubwa kama WMF walizigonga sana hizi namba. Kwa hiyo kipimo cha haraka kwa vyombo vya Kijerumani: 800, 835, 900, 925, yaani namba tatu, ni fedha. Namba mbili kama 90 au 100 bila mwezi na taji, weka chini tafuta vingine. (Hiyo 100 najua ni tarakimu tatu, msinitumie ujumbe, nayo ni gramu.)

Kikombe chukua kama bei inashuka. Mwambie dalali masultani wamesalimia.

SWALI: Fundi, niko Muscat ila sisi asili yetu Unguja. Mama ana mitali miwili mizito na jambia la babu, lenye ala ya fedha imefanyiwa nyuzi nyuzi. Hakuna muhuri hata mmoja, nimegeuza kila upande. Kwenye mkufu wake tu kuna kidani cha sarafu, kina mwanamke na chini yake herufi S.F. Duka moja hapa walipima mitali kwa mashine ikatoka chini ya 925, wakasema basi ni feki. Hizo S.F. ni fundi wa wapi? (Msomaji, Oman)

JIBU: Hapa nitakaa kidogo maana barua kama hii nazipata nyingi kutoka Unguja, Lamu, Mombasa na huko huko Ghuba.

Kwanza hiyo sarafu. Mwanamke ni Maria Theresa wa Austria, mama wa kifalme, alifariki Novemba 1780, na sarafu yake ikaendelea kugongwa na mwaka 1780 uleule mpaka karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Yemen, Oman, Uhabeshi na huku kwetu walikuwa hawataki nyingine. Wazee wa Unguja waliiita reale ya Sham. S.F. sio fundi wa kidani, ni herufi za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Schöbl na Faby, na zikabaki kwenye chuma cha kugongea hata wenyewe walipokwisha zikwa, hata ilipokuja kugongwa London na Bombay. Kwa hiyo S.F. wala 1780 havikuelezi kidani kimetengenezwa lini. Kinachokueleza ni kile kitanzi kilichochomelewa juu na ile fremu inayoizunguka.

Sasa ungana nami hapa, maana jibu la mitali limo kwenye hiyo hiyo sarafu. Reale moja ina uzito wa gramu 28 na kitu, na fedha yake ni 833 kwa elfu. Fundi wa Nizwa au wa Rustaq alipoletewa kazi, mteja alikuwa anakuja na reale zake mkononi, zinayeyushwa, zinafuliwa mitali. Ukipima mtali wa namna hiyo leo mashine itakupa nini? Itakupa namba ya karibu na sarafu iliyoyeyushwa, pengine pungufu kidogo kwa sababu ya risasi na shaba za kuchomelea. Haiwezi kutoka 925 na ikitoka 925 kamili mimi ndo naanza kuwa na wasiwasi. Duka limepima sawa, limesoma vibaya. 925 ni kiwango cha Waingereza, sio cha dunia.

Na kutokuwa na muhuri ni jambo la kawaida kabisa kwa kazi za kale za Oman na za pwani yetu. Hakukuwa na ofisi ya kupima wala daftari la kusajili alama, mteja alimjua fundi, fundi alimjua mteja, mizani ilikuwa katikati yao. Asili unaisoma kwenye kazi yenyewe. Kwenye jambia hesabu pete za fedha zinazoshika ala na mkanda. Jambia la kawaida la Oman lina pete nne, lile la mtindo wa Saidi, unaohusishwa na ukoo wa kisultani, lina saba, na mpini wake umefunikwa fedha na umechongwa kichwa kipana chenye mapambo. Tazama na nyuzi za ala, kama zimesukwa kwa mkono zinatofautiana kidogo kidogo na mgongo wa ala umeguswa na nguo mpaka umelainika, kazi ya kumwaga kwenye kalibu ina mikunjo inayojirudia sawasawa na vidoti vya mapovu kwenye kona.

Mpini wa jambia hukusema ni wa nini. Kama ni pembe ya kifaru, tafadhali usijaribu kulituma wala kusafiri nalo kwenda kuuza nchi nyingine, biashara ya kimataifa ya pembe hizo imefungwa chini ya CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977 na hawatakuuliza kama ni la babu.

Kazi moja ya Bahari ya Hindi ambayo yaweza kukutwa na herufi ni ya Kutch, India. Sonara wengi wa Kihindi walioweka maduka Unguja na Mombasa asili yao huko. Ukiona buli au kikombe kimejazwa majani na maua mpaka hakuna pa kuweka kidole, kachungulie chini, kama kuna O.M. na pengine BHUJ, hiyo ni karakana ya Oomersi Mawji wa mji wa Bhuj, alifanya kazi karne ya 19, alikuwa fundi wa mtawala wa Kutch. Hizo usiwauzie watu kwa gramu jamani. Ila pia O.M. zimegushiwa, kwa hiyo kabla ya herufi angalia kazi, kazi ya Kutch ya kweli ukiipitisha kucha majani yanasimama, zile za kuiga yamelala.

YA HARAKA HARAKA

Msomaji wa Bukavu ana kijiko kimeandikwa 84 anauliza kama ni asilimia 84. Hapana, ni Urusi ya zamani, wao waligawa kwa 96 badala ya 100, ukifanya hesabu 84 kati ya 96 unapata 875. Tafuta na kichwa cha mwanamke aliyevaa kitambaa cha Kirusi, akiangalia kulia ni baada ya 1908.

Msomaji wa Brussels: kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita ni Minerva, Ufaransa, kuanzia 1838. Kuna kinamba kidogo karibu na uso wake, 1 ni fedha ya 950, 2 ni ya 800. Muhuri wa fundi wa Kifaransa unakaa ndani ya umbo la msambamba mfano wa uru wa karata, kama wako uko kwenye mraba basi yaelekea ni wa kuchovya.

Msomaji wa Kampala amenunua mkebe wa ugoro "wa enzi za Victoria" wenye 925 tu. Mihuri ya kawaida ya Uingereza ya karne ya 19 haikuandikwa 925, ilikuwa na simba. 925 peke yake inaweza kutoka popote, na mara nyingi ni ya juzi.

Msomaji wa Mwanza anapima kwa sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, kweli, lakini shaba nayo haivutwi, na nikeli ya EPNS iliyochanganywa na shaba nayo haivutwi. Sumaku itakukamatia chuma tu.

Na mliouliza kuhusu kusugua mihuri kwa dawa ya meno ili isomeke vizuri: acheni. Dawa ya meno ina mchanga mlaini ndani yake, mihuri mingi ninayotumiwa ikiwa imefutika haikufutwa na miaka, imefutwa jikoni Jumamosi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba, halafu ile tochi ya pembeni niliyomwambia mwenzenu wa Nakuru. Mkituma picha mnitumie mihuri yote kwenye picha moja na ilivyofuatana, sio mmoja mmoja umekatwa.